Mirija Minne

Karakana ya rejeta ilikuwa na viti vitatu, na hakuna mteja aliyewahi kumwona mwenye karakana amekalia hata kimoja. Alikula amesimama. Akipigiwa simu alizunguka tangi la maji, raundi baada ya raundi, mpaka mazungumzo yaishe. Mgongo ukimuuma aliegemea ukuta dakika moja, kisha ungemwona yuko uani anasogeza kitu ambacho hakikuwa na haja ya kusogezwa. Ndiyo maana mtaa mzima wa magereji ulimwita Kiguu, kifupi cha kiguu na njia, na jina hilo likamganda kuliko lile alilopewa na wazazi.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, mwembamba, vidole vimejaa madoa ya kuungua. Kazi aliachiwa na mjomba wake pamoja na lile tangi. Rejeta inayovuja huzamishwa tangini, inajazwa upepo, na pale povu linapotoka ndipo penye tobo. Kiguu aliipenda kazi hiyo kwa sababu haikuwa na ubishi. Mteja angeweza kuapa kwamba rejeta yake ni nzima, lakini povu likishatoka, mjadala umekwisha.

Mumewe alikuwa kinyume chake. Fundi cherehani, mpole, angeweza kukaa saa tano kwenye kigoda chumba cha mbele, miguu tu ndiyo inayocheza. Watoto wao wawili walikuwa wameshaondoka nyumbani kujitegemea, na meza ya kulia chakula ilikuwa imegeuka meza ya kukatia nguo.

Kiguu alikuwa na mdogo wake wa kiume, kitinda mimba, mwalimu wa hisabati shule ya sekondari. Jumatatu mpaka Ijumaa mwalimu huyo alivaa shati lililopigwa pasi, akafundisha pembe na duara. Lakini mara nne au tano kwa mwaka, siku za Jumapili, alikwenda kwenye mashindano ya kupanda mlima kwa gari. Magari hupanda moja moja barabara ya zamani ya machimbo, kona tisa, na saa inahesabu.

Gari lake lilikuwa fupi, la chini, jekundu lililopauka mpaka likafanana na tofali. Injini yake haikuwa kama za wengine. Injini nyingi zina pistoni zinazopanda na kushuka. Hii ndani yake ilikuwa na vipande viwili vya chuma vyenye pembe tatu, vinazunguka kwenye chumba chenye umbo la ganda la karanga. Injini ya namna hiyo ni ndogo, unaweza kuikumbatia, ina nguvu za kushangaza, na ina joto la tanuri. Ikichemka mara moja tu, mipira ya ndani inayozuia maji inalainika, chuma kinapinda, na hapo ndipo mwisho wake.

Ya kwanza ilikuwa imeshakufa, mwaka mmoja nyuma, kwenye kona ya tano. Na Kiguu alikuwa na neno kuhusu kifo hicho ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

Ilikuwa Ijumaa mchana. Foleni ya kazi ilikuwa imemzidi: lori moja, teksi mbili, na rejeta ya mdogo wake iliyoletwa asubuhi ikivuja. Aliizamisha tangini akaona mirija minne inatoa povu. Rejeta ile ilikuwa na mirija arobaini na minane. Kubadilisha minne kungemla siku nzima, kwa hiyo aliiziba ncha zote mbili kwa risasi iliyoyeyushwa, kama mafundi wafanyavyo kila siku. Gari la kwenda sokoni na kurudi lisingejua tofauti. Alipanga kumwambia. Mdogo wake alifika mbio mbio, akaipakia, na Kiguu alikuwa kwenye simu na mwenye lori, mkali kama pilipili.

"Iko sawa, dada?" mdogo wake aliuliza kutoka mlangoni.

Kiguu akanyanyua kidole gumba.

Jumapili injini ikachemka. Watu wote wakasema injini hizo ndivyo zilivyo, hazina maisha. Mwalimu mwenyewe alisema ameikamua mno. Kiguu alinyamaza siku ile kwa sababu mdogo wake alikuwa na uso wa mtu aliyefiwa. Wiki iliyofuata alinyamaza kwa sababu wiki ilikuwa imepita. Baada ya hapo, kila mwezi ulioongezeka ulifanya neno liwe zito zaidi, mpaka likawa halinyanyuliki.

Sasa, mwaka mmoja baadaye, injini ya pili ilikuwa tayari. Aliijenga mzee mmoja wa mtaa wa nyuma ambaye kila mtu alimwita Pembetatu, kwa kuwa miaka thelathini hakugusa injini ya aina nyingine. Asubuhi moja ya Jumamosi, yeye na mwalimu walilisukuma gari mpaka karakana ya Kiguu, boneti imefunguliwa, bampa imetolewa, mdomo wazi.

"Tumeweka turbo kubwa zaidi," alisema Pembetatu, akijipangusa mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Turbo inaukandamiza upepo kabla haujaingia kwenye injini. Upepo ukikandamizwa unapata moto. Kwa hiyo lazima upozwe na intakula ndipo uingie. Na injini nayo lazima ipozwe na rejeta. Vitu viwili, na vyote vinataka upepo wa mdomo mmoja huu hapa."

"Mdomo ni mdogo," alisema Kiguu. Alikuwa ameshatoa tepu.

"Ndiyo shida yenyewe. Njia ziko tatu. Ya kwanza, unaiacha intakula ndogo pale juu, kando ya injini, ilipowekwa kiwandani. Haigombani na rejeta, lakini inakaa jikoni, inapata moto wote. Ya pili, unaweka intakula kubwa mbele kabisa, rejeta nyuma yake. Intakula inapata upepo mtamu, rejeta inapata makombo ya moto. Ya tatu, unavilaza vyote viwili. Intakula juu, rejeta chini, vimeachama mbele kama mdomo wa mamba. Kila kimoja kinapata upepo wake mpya. Ila hapo utakata chuma cha mbele, utahamisha betri, utatoboa boneti ili joto litoke. Na ukiacha upenyo hata wa kidole, upepo utapita huko."

Mwalimu alimtazama dada yake. "Mimi na mzee hapa tumebishana wiki nzima. Tumekubaliana jambo moja tu. Wewe ndiye unayejua maji na upepo. Chagua wewe, dada. Utakachosema ndicho."

Kiguu akaitikia kwa kichwa.

Jumatatu alichagua njia ya pili. Alikata boksi la jokofu kwa vipimo vya intakula, akalisimamisha mbele ya gari, akarudi nyuma hatua kumi, akalitazama kushoto na kulia. Jumanne aliamka kabla ya jua, akafika karakana, akalichana. Alikata vipande viwili vipya vya njia ya tatu, akavilaza, akavifunga kwa waya. Jumatano akavitoa. Wateja walianza kulalamika. Rejeta ya basi la shule ilizama tangini asubuhi ikasahaulika mpaka saa kumi.

Nyumbani alizihamishia hesabu zake kwenye meza ya mumewe, juu ya karatasi za kukatia mitindo, kwa chaki ya kushonea.

"Hiki ni nini?" mumewe aliuliza, akikivuta kipande kilichochorwa mistatili. "Nilidhani ni suruali."

"Intakula."

"Itakula nini?"

"Usinichekeshe, baba. Sina hali ya kucheka."

"Sikuchekeshi. Naona itakula karatasi zangu zote." Aliisukuma nguo pembeni. "Keti basi unieleze."

Hakuketi. Alimweleza akizunguka meza, njia ya kwanza, ya pili, ya tatu, na faida na hasara za kila moja, akafika mwisho akaanza tena. Mumewe alisikiliza pini zikiwa mdomoni, kisha akazitoa moja moja.

"Mke wangu, nimekujua miaka ishirini na mitatu. Ukiwa hujui jambo, unauliza. Ukiwa unajua, unafanya. Sijawahi kukuona unajua halafu unazunguka. Una nini?"

"Nina kazi nyingi."

Mumewe akarudisha pini mdomoni.

Alhamisi jioni mwalimu alipita karakana akitoka shule, chaki bado imemganda kwenye mkono wa shati. Kiguu alikuwa chini ya gari, anapima kwa mara ya sita nafasi aliyoijua kwa moyo. Mwalimu alichutama karibu na gurudumu.

"Dada, nataka kukwambia kitu kabla hujaamua. Mzee anapenda ile ya kulaza kwa sababu inapendeza ukifungua boneti. Mimi pia nilikuwa naipenda kwa ajili hiyo. Lakini usinichagulie uzuri. Nichagulie inayosamehe." Akapapasa tairi. "Mimi si dereva mzuri kama watu wanavyodhani. Ile ya kwanza niliiua kwa mguu wangu. Geji ilikuwa inapanda nikaiona, nikasema kona tano tu zimebaki. Sasa kila nikiendesha gari lolote, hata la mkuu wa shule, macho yako kwenye geji. Usingizini naota geji. Nimefikiria hata kuliuza hili kabla halijawashwa."

Kiguu alitoka chini ya gari. Alitoka kwa haraka mpaka akajigonga kichwa, na hakujishika. Alikwenda mpaka tangini, akarudi, akaenda mpaka mlangoni, akarudi.

"Si mguu wako," alisema.

"Usinibembeleze."

"Sikubembelezi. Niliziba mirija minne. Ile Ijumaa. Ulipouliza iko sawa, nikakuonyesha kidole. Haikuwa sawa. Rejeta ilikuwa imepungua na sikukwambia."

Mwalimu alibaki amechutama vile vile. "Ulisahau?"

Hapo alipewa mlango wa kutokea, na aliuona. "Sikusahau. Nilikuwa na haraka. Baadaye nikaogopa."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

Mwalimu alisimama, akajikung'uta magoti taratibu, kama mtu anayetoka kuswali. Hakupaza sauti, afadhali angepaza. Aliziweka funguo za gari kwenye kiti kimojawapo kati ya vile vitatu, akatoka, na Kiguu akasikia hatua zake zikipita gereji ya jirani, kisha ya pili, bila kupunguza mwendo.

Ijumaa hakuja. Jumamosi hakuja, wala simu haikupokelewa. Kiguu alifanya kazi za watu zote zilizolala, akamaliza, akafagia karakana mara mbili, akapanga bisibisi kwa urefu. Jumatatu Pembetatu alikuja kuuliza wamefikia wapi, na Kiguu akamwambia naye.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amekalia kiti, amevua kofia.

"Mirija minne kati ya arobaini na minane," alisema. "Injini ile niliifungua mimi. Mipira ilikuwa imepikika. Lakini kama ni minne yako, au ni mlima, au ni mguu wa mwalimu, mimi siwezi kuapa. Labda ndiyo, labda siyo."

"Nataka kujua."

"Unataka nikwambie siyo. Siwezi kusema hivyo. Na ndiyo pia siwezi."

Alipoondoka, Kiguu alikwenda nyuma ya karakana kwenye rundo la vyuma. Rejeta ya zamani, iliyotolewa garini baada ya injini kufa, ilikuwa bado ipo. Mwaka mzima alikuwa ameipa mgongo kila alipopita. Aliitoa, akaibana kwenye jiriwa, akalikata kwa msumeno tangi lake la juu linalofunika mirija, kazi ambayo fundi huifanya tu pale rejeta inapokuwa haina tena mwenyewe. Alichukua waya mwembamba, akaanza kuupitisha kwenye mirija, mmoja baada ya mwingine.

Ile minne yake aliikuta imezibwa kama alivyoiziba. Wa tano waya ulipita. Wa sita ukagoma. Akausukuma, ukatoa unga wa kutu na chokaa. Wa saba ukapita. Wa tisa ukagoma. Alipomaliza, alikuwa ameweka alama za chaki kumi na tano. Minne ya kwake, na kumi na mmoja iliyojaa uchafu wa miaka, ambayo ingeonekana siku ile ile kama angeisafisha rejeta kabla ya kuirudisha. Angehitaji robo saa tu ya kupitisha maji.

Alisimama pale na waya mkononi. Hakuna aliyejua. Mdogo wake alikuwa na hasira ya mirija minne, na hasira ya minne pengine ingepoa. Pembetatu mwenyewe alisema labda siyo. Angeweza kuitupa rejeta ile kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla ya saa nane na jambo likaishia hapo.

Aliifunga kwenye gunia, akaipakia kwenye pikipiki ya jirani, akaenda shule.

Ilikuwa mapumziko. Wanafunzi walijaa barazani, kelele tupu, na mwalimu alikuwa mlangoni pa darasa na kikombe cha chai. Alimwona dada yake anakuja na gunia begani akaweka kikombe dirishani.

"Dada, si hapa."

"Ni dakika moja." Aliishusha rejeta sakafuni, akafungua gunia, akamwonyesha alama za chaki. "Si minne. Ni kumi na tano. Hii mingine ilikuwa imeziba kwa uchafu. Sikuisafisha. Nilitakiwa kuisafisha na sikuisafisha."

Mwalimu aliinama. Alipitisha kidole juu ya alama, midomo ikitikisika kidogo, alikuwa anahesabu.

"Kumi na tano kwa arobaini na nane," alisema. "Karibu theluthi moja."

"Ndiyo."

"Nilikuwa napanda mlima na theluthi mbili ya rejeta."

"Ndiyo."

"Kwa nini umeniletea hii? Sikuwa najua. Nisingejua maisha."

"Kwa sababu hiyo hiyo."

Kengele ililia. Wanafunzi wakaanza kupita kati yao kuingia darasani, mmoja akaikanyaga pembe ya gunia akaomba radhi. Mwalimu alichukua kikombe chake, chai ilikuwa imeshapoa, akakirudisha tena dirishani.

"Unajua kinachoniuma?" alisema. "Siyo injini. Ungeniambia, ningepanda polepole. Ningepanda polepole, nikacheka na wenzangu, nikarudi nyumbani. Uliamua peke yako, dada, na mimi ndiye niliyekuwa ndani ya gari."

Kiguu alisimama pale pale, miguu miwili chini, mpaka mwalimu alipoingia darasani na kufunga mlango.

Jumamosi saa mbili asubuhi mwalimu alitokea karakana na daftari la mraba mraba. Hakusalimia vizuri. Alivuta kiti, akakaa mbele ya gari, akafungua ukurasa mpya.

"Nieleze kila kitu. Kila mrija, kila mpira, kila boliti. Nisipoelewa, hakifungwi."

Ndivyo njia ya tatu ilivyochaguliwa. Kiguu alimweleza kwamba njia ya kwanza haiwezi kuibeba turbo ile. Kwenye kona ya tatu intakula ingekuwa moto kuliko upepo unaoingia. Njia ya pili ni rahisi na yeye alikuwa akiitaka kwa sababu ni rahisi, ila inairudisha rejeta kwenye makombo, na injini hii haiwezi kuishi kwa makombo. Ya tatu ndiyo pekee inayoipa rejeta upepo wake. Tatizo lake ni kazi, na kazi itafanyika.

"Na rejeta ikilazwa, mapovu ya hewa hayatanasa ndani?" mwalimu aliuliza.

Kiguu akamtazama. Lilikuwa swali zuri. "Yatanasa. Kwa hiyo naweka tangi dogo la kujazia, juu kuliko kila kitu. Hewa inapanda huko yenyewe."

Mwalimu aliandika.

Wiki mbili walikata, wakachomelea, wakahamisha betri nyuma. Mumewe Kiguu alikuja siku mbili na mkasi wake mkubwa. Yeye ndiye aliyekata karatasi za mifano ya bati, kwa sababu, alisema, gari nalo lina kwapa na kiuno, na fundi asiyejua kukata kwapa ataharibu bati bure. Walimcheka, lakini vipande vyake vilikaa mara ya kwanza.

Kisha wakalijaribu kwenye kipande cha barabara kilichokuwa hakijafunguliwa, nyuma ya maghala. Kiguu alikuwa amegandisha vipande vifupi vya uzi mwekundu kwenye uso wa rejeta na wa intakula, na simu ya mumewe ikafungwa kwa waya ndani ya bampa, ikirekodi. Mwalimu alikwenda na kurudi mara moja. Kiguu, mumewe na mwalimu wakainamia kioo cha simu.

Nyuzi za intakula zilikuwa zimelala nyuma vizuri. Za rejeta, upande wa kushoto zililala, upande wa kulia zilikuwa zinacheza ovyo, na tatu zilielekea mbele.

"Hapo kuna upepo unaorudi," alisema mwalimu.

"Kuna upenyo." Kiguu alikuwa ameshajilaza kwenye lami anapapasa chini ya bampa. Aliupata: nafasi ya vidole viwili kati ya bati na taa, upepo unaponyoka huko badala ya kupita kwenye rejeta. Walirudi karakana, akakata bati jingine, akaziba kingo kwa sponji. Jaribio la pili nyuzi tano bado zilicheza. La tatu mbili. Mwalimu alisema mbili zinatosha, twende nyumbani. Kiguu alisema hapana, na safari hiyo mwalimu hakubisha. Jaribio la nne nyuzi zote zilikuwa zimelala kama nywele zilizochanwa.

Jumapili ya mlima Kiguu alitembea kando ya kamba ya watazamaji tangu asubuhi, akienda na kurudi, mpaka msimamizi mmoja akamwomba asimame mahali pamoja maana anamtia kizunguzungu. Gari la mwalimu lilikuwa la kumi na nane kati ya ishirini na sita. Lilipoondoka lilitoa ile sauti ya injini zile, kama nyuki elfu ndani ya bomba, likapotea kona ya kwanza. Kutoka pale chini huoni kitu. Unasikia tu. Kiguu alihesabu kona kwa sauti: alipoachia, alipokanyaga, alipoachia. Kwenye ya tano aliacha kupumua. Sauti ikapita, ikapanda, ikazidi kuwa ndogo, kisha ikakatika kama inavyokatika gari linapofika juu. Au linapokufa.

Dakika tisa baadaye gari jekundu lilishuka lenyewe, polepole, dirisha wazi.

"Tisini na nne," mwalimu alisema kabla hajaulizwa. "Geji haikuvuka tisini na nne."

Alikuwa wa kumi na moja. Pembetatu alilalamika kwamba kwa injini ile hata yeye mwenye miwani angekuwa wa tano. Mwalimu alicheka, mara ya kwanza kwa muda mrefu mbele ya dada yake.

Walirudi pamoja kwenye gari, Kiguu pembeni ya dereva, na kwenye daraja la kuingilia mjini wakakuta foleni. Magari yalikuwa yamesimama mpaka upeo wa macho. Gari lililosimama halina upepo. Geji ikaenda tisini na saba. Feni ikalia. Tisini na tisa. Mia na moja.

Kiguu alikuwa ameshika kitasa cha mlango. "Simama pembeni. Nifungue boneti."

"Pembeni hakuna. Subiri."

"Mia na mbili!"

"Nimeiona, dada. Na mimi nina macho." Mwalimu aliteremsha vioo, akanyoosha mkono, akawasha hita ya ndani mpaka mwisho. Joto likawapiga usoni kama mlango wa tanuri umefunguliwa. Kiguu alielewa mara moja: maji ya injini yanapita kwenye hita pia, na joto linalowapiga wao ni joto linalotoka kwenye injini. Hakuwa amemfundisha hilo. Alilisoma mwenyewe, au alilifikiria mwenyewe, kwenye lile daftari.

Walikaa wakitoka jasho, mashati yamegandana na viti. Dereva wa gari la jirani aliwatazama kama watu waliochanganyikiwa. Mia na moja. Ikakaa hapo muda mrefu. Mia. Tisini na nane.

"Bado sijakusamehe vizuri," mwalimu alisema akitazama mbele. "Nikikumbuka kile kidole gumba, naudhika upya."

"Najua."

"Nitakapokusamehe nitakwambia."

"Sawa."

"Na feni hii ni ndogo."

"Ndogo sana," alisema Kiguu. Alikuwa anatafuta tepu mfukoni. "Inataka mbili, na bati la kuzizunguka. Jumatatu ukitoka shule, njoo na daftari."

Foleni ilisogea urefu wa gari moja. Mwalimu akaingiza gia, akasogea, akasimama tena.